Kutunza jahazi kuukuu: maarifa yaliyomo ndani ya maneno

Utangulizi

Katika zoezi moja la tafsiri nilipewa aya fupi ya Kifaransa iliyoeleza namna ya kukarabati chombo cha matanga kilichozeeka. Sentensi moja ilikuwa na kitenzi «calfater» na nomino «coutures». Nikaandika: «kushona upya mishono ya mashua». Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao, maana mashua si shati. Lakini mkufunzi alipotuuliza neno lifaalo ni lipi, hakuna aliyejibu. Sisi sote tunasema Kiswahili tangu utotoni, na wengi wetu tumekulia kando ya ziwa.

Neno lipo, nalo ni kalafati. Makala haya yanaeleza kazi ambayo neno hilo linaitaja, pamoja na kazi nyingine zinazokifanya chombo cha mbao kiishi miaka mingi. Mfano wetu ni jahazi la pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa huko ndiko msamiati huu ulikokomaa. Mwishoni tutarudi kwenye maziwa yetu.

1. Viungo vya jahazi na ukaguzi wake

Jahazi ni kubwa kuliko mashua na dau. Chini kabisa kuna mkuku, gogo refu linalobeba chombo chote kama uti wa mgongo. Juu ya mkuku husimama mataruma, yaani mbavu, na juu ya mataruma hupigiliwa mbao za ubavu. Taruma zuri halichongwi kutoka ubao ulionyooka. Fundi hutafuta tawi lililojipinda lenyewe, kwa sababu nyuzi za mti zikifuata mkunjo, taruma halipasuki upesi. Katikati husimama mlingoti. Foromali ni mti mrefu unaopandishwa mlingotini ukiwa umebeba tanga. Nyuma kuna usukani, na sehemu ya ndani ya chini yanakokusanyika maji huitwa ngama.

Anayekagua jahazi kuukuu huanza ngamani. Hutazama maji yaliyoingia usiku kucha ni kiasi gani, na yanapenyea wapi. Kisha hugonga mbao kwa nyundo. Mbao nzima hutoa sauti kavu, iliyooza hutoa sauti nzito iliyofifia. Pale anapotilia shaka huchoma kwa ncha ya kisu, na kisu kikizama bila nguvu, ubao huo umekwisha. Hutazama pia vichwa vya misumari. Msumari wa chuma ukishika kutu huvimba, huharibu mti ulio kando yake, na baadaye huchezacheza tunduni mwake.

2. Kalafati

Mbao za ubavu wa jahazi hupangwa ukingo kwa ukingo, wala hazilaliani. Kwa hiyo kati ya ubao na ubao daima kuna ufa mwembamba. Kukalafati ni kuziba nyufa hizo. Kwanza fundi huitoa pamba ya zamani kwa chuma chenye ncha na kuusafisha ufa. Kisha husokota pamba mpya iliyolowekwa mafuta, huilaza juu ya ufa, na kuisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo, hatua kwa hatua, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho wake.

Hapa ndipo ujuzi unapoonekana. Pamba ikiwa legevu, maji hupita. Ikishindiliwa kupita kiasi, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mbao kavu zikirudi majini hunywa maji na kuvimba. Zisipopata nafasi ya kuvimbia, zitasukumana mpaka misumari ing'oke. Kwa sababu hiyohiyo, chombo kilichokaa nchi kavu kwa muda mrefu huvuja sana siku ya kwanza kinaposhushwa, kisha uvujaji hupungua mbao zinapojaa. Fundi mzoefu hakalafati kila ufa anaoona maji yakipita siku hiyo. Husubiri kwanza.

Neno lenyewe limesafiri. Waarabu wana «qalfata», Wareno wana «calafetar», Wafaransa wana «calfater». Ni neno moja la mabaharia lililohama bandari hadi bandari. Mwanafunzi wa Kongo anayehangaika na «calfater» anahangaika basi na ndugu wa neno lililomo tayari katika Kiswahili chake.

3. Deheni na sifa

Adui mkubwa wa mbao baharini ni kiumbe mwenye umbo la mnyoo, ingawa kwa kweli ni wa jamii ya chaza. Huingia ubaoni akiwa mdogo sana, kisha hutoboa kufuata nyuzi za mti. Kwa nje ubao huonekana mzima, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Ndiyo maana jahazi halipaswi kuachwa majini bila kuangaliwa. Wakati wa maji ya bamvua hupandishwa pwani maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, hubaki limeegemea miti. Mafundi hukwangua magamba, hupitisha moto wa makuti makavu chini ya chombo ili kukausha mbao na kuwaua wadudu, kisha hupaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama. Neno hili linatokana na Kiarabu «duhn», mafuta.

Sehemu ya juu, isiyozama majini, hupakwa sifa. Sentensi «jahazi limepakwa sifa» inaweza kumpoteza mfasiri yeyote, akadhani chombo kinasifiwa. Sifa hii ni mafuta ya papa au ya samaki wengine, yenye harufu kali, yanayozuia mbao zisipasuliwe na jua. Mtego mwingine ni «matanga». Kwetu Kongo neno hilo humpeleka msikilizaji moja kwa moja msibani, kwenye mkesha na kilio, ilhali kwa baharia ni wingi wa tanga tu. Kamusi huandika maneno haya kama homonimu na kuendelea na safari. Mfasiri hana budi kusimama na kuuliza: nani anasema, na yuko wapi?

4. Kuboresha bila kuua

Chombo kikizeeka, mwenyewe hutamani kukipa vitu vipya. Si kila kipya kinapatana na cha zamani. Tanga la nyuzi za kisasa halinyooki kama la pamba, na kamba ya nailoni haikatiki upesi. Lakini nguvu ya upepo ambayo zamani ingelichana tanga sasa yote huushukia mlingoti na mkuku. Anayebadili tanga hana budi kukagua mlingoti kwanza.

Vivyo hivyo kwa injini. Huhitaji tundu nyuma kwa ajili ya mhimili wa rafadha, uzito wake hukishusha chombo upande mmoja, na mtikisiko wake hulegeza kalafati. Kabla ya kuifunga, sehemu ya nyuma huimarishwa na uzito hupangwa upya. Hatari zaidi ni kufunika mbao kuukuu kwa plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Uvujaji hukoma, mwenye chombo hufurahi, lakini unyevu uliokwisha kuingia haupati pa kutokea, na mbao huendelea kuoza gizani.

Kanuni ya mafundi ni kubadilisha kidogo kidogo. Huondolewa ubao mmoja na kuwekwa mwingine, ili zile zinazobaki zishike umbo la chombo. Ukiondoa nyingi kwa pamoja, jahazi hupinda, wala halirudi tena lilivyokuwa.

5. Huku kwenye maziwa

Je, maarifa haya yanafaa Uvira, Kalemie au Goma? Yanafaa, lakini si yote. Katika maji matamu ya Tanganyika na Kivu hakuna yule mtoboaji wa baharini. Hakuna pia bamvua la kukipandisha chombo, hivyo kinavutwa kwa mikono ya watu. Kwa upande mwingine, chumvi ya bahari huzuia kuvu waozeshao mbao, na maji matamu hayana kinga hiyo. Basi pwani fundi huogopa zaidi kutobolewa, nasi tuogope zaidi kuoza, hasa pale maji ya mvua yanapotuama ndani ya chombo.

Ziwa Tanganyika linatupa pia ushahidi wa nguvu ya mafuta. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate, lakini kwanza mafundi wake walizipaka mashine zake grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924, ilitengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ingawa ni meli ya chuma, kanuni ni ileile ya deheni: mafuta husimama kati ya maji na kile unachotaka kukihifadhi.

Hitimisho

Narudi kwenye kosa langu. Kabla ya jahazi la misumari, pwani ilikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za nyuzi za nazi, bila msumari. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, tayari kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Kumbe kulikuwa na wakati ambapo kushona upya mishono ya mashua ilikuwa kazi halisi ya fundi. Tafsiri yangu haikuwa ya kipuuzi, ilichelewa tu, maana mtepe ulitoweka katika karne ya 20.

Neno kalafati halikupotea, ila sisi hatukulijua. Mafundi wa maziwa yetu wana maneno yao ya kazi hiyohiyo, na mengi hayamo katika kamusi yoyote tuliyo nayo maktabani. Anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo achukue daftari, ashuke ufukweni, amsalimu fundi mzee kwa heshima, kisha amwulize jina la kila kitu anachokishika mkononi. Abiria wanaovuka ziwa hutegemea kazi ya mkono huo, na kijana anayeirithi hujifunza kwa kuitiwa vitu kwa majina yake.