Sehemu ya ‘Dini’ kwenye fomu ya shule: Mtoto wa nyumba ya tambiko ajaziwe nini?

Same. Kila Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi hupanga foleni mbele ya meza ya mwalimu anayeandikisha darasa la kwanza. Cheti cha kuzaliwa kipo mkononi, sare na madaftari vimeshanunuliwa. Maswali ni mepesi: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, kazi ya mzazi. Kisha linafika neno moja: Dini.

Kwa wengi, jibu halichukui hata sekunde. Msabato. Mlutheri. Mwislamu. Mkatoliki. Lakini yupo mzazi anayesita. Nyumbani kwake hawaendi kanisani wala msikitini. Bibi wa mtoto bado humimina dengelua chini na kuwataja kwa majina wazee waliotangulia, mvua inapochelewa au mgonjwa anapokosa nafuu. Mzazi huyo anaogopa kulisema hilo mbele ya foleni. Mwisho wake kalamu huandika moja kati ya mambo mawili: dini ya jirani, au “hana”.

Yote mawili si kweli. Na mtoto aliyesimama pembeni, ameshika mkono wa mama, amepata somo lake la kwanza la shule: mambo ya nyumbani kwenu hayatajwi mbele za watu.

Neno linalouma

Uwanjani, wakati wa mapumziko, jambo hilo lina jina lake. Mtoto huitwa “mpagani”. Wakubwa hulitumia neno hilo bila kufikiri, wakimaanisha mtu asiye na dini, au mshenzi. Asili yake ni Kilatini, ambako awali lilimaanisha mtu wa shamba, mkaa kijijini. Lililetwa huku na wamisionari likiwa tayari limegeuka tusi.

Ulaya na Marekani wapo watu wanaojiita wapagani kwa hiari yao, wakifuata imani za kale za mababu zao, nao wamepigania haki zao mahakamani. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikubali kwamba Wicca, moja ya imani hizo, ni dini kama nyingine. Mwaka 2007 serikali ya nchi hiyo ilikubali alama ya imani hiyo iwekwe kwenye makaburi ya wanajeshi wake.

Milima ya Pare haina Wicca. Ina imani yake yenyewe, ya zamani kuliko kanisa na msikiti wowote uliopo wilayani.

Imani iliyokuwepo

Wapare wa kale walimtambua Muumba, waliyemwita Kyumbi, na waliamini kuwa wazee waliokufa hawajakata uhusiano na walio hai. Koo zilikuwa na misitu yake. Mpungi ulikuwa msitu wa ukoo wa kuwakumbukia wazee, na sehemu kadhaa za Pare mafuvu yao yalihifadhiwa mahali pa heshima. Mshitu ulikuwa msitu wa jando, ambako vijana walifundishwa kuwa watu wazima. Kukata mti humo ilikuwa mwiko.

Haya yameandikwa na wasomi wa nchi hii. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliichapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969. Mwaka 1972, yeye na C. K. Omari waliandika kuhusu fikra za dini za Wapare na vituo vya ibada zao. Waliitaja kuwa ni dini. Hawakuiita kukosa dini.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa shule. Wamisionari wa Kisabato walianza kazi yao Tanzania mwaka 1903 huko Giti, Upare wa Kusini. Walutheri kutoka Leipzig nao walijenga vituo vyao milimani. Kituo cha misheni kilikuwa na kanisa, na karibu na kanisa palikuwa na darasa. Aliyetaka kusoma aliingia kwa mlango huo, na wengi walitoka na jina jipya. Familia nyingi za Same zinaishukuru elimu hiyo mpaka leo, na zina sababu.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule za mashirika ya dini chini ya usimamizi wa serikali. Tangu hapo, shule ya msingi ya kijiji ni ya kila mtoto. Mazoea ya zamani hayakuondoka yote. Katika shule nyingi, kipindi cha dini kinapofika, wanafunzi hugawanyika makundi mawili, Wakristo huku, Waislamu kule. Mtoto wa nyumba ya tambiko ama hufuata kundi lenye marafiki zake, ama hubaki nje chini ya mti.

Utamaduni sawa, dini hapana

Ajabu ni kwamba mila hizohizo hupigiwa makofi zikiitwa jina jingine. Mgeni rasmi akija, wanafunzi huvalishwa mavazi ya asili, ngoma inapigwa, wimbo wa Kichasu unaimbwa, na walimu wanajivunia. Septemba 2021, mkoani Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na machifu na kupewa jina la Hangaya, na sherehe ile ilionekana nchi nzima.

Hivyo jambo la jadi likiitwa utamaduni, linapewa jukwaa. Likiitwa imani, linaambiwa lirudi porini. Mtoto huona tofauti hiyo hata kama hawezi kuieleza. Jumatatu anashangiliwa kwa kucheza ngoma ya babu yake, na Jumanne anachekwa kwa kuamini alichoamini babu yake.

Maeneo ya wazi nayo ni hivyo hivyo. Baadhi ya misitu ya koo ilikatwa kupata mashamba na mbao. Mikutano na sherehe nyingi hufunguliwa kwa sala ya mchungaji au padri na dua ya shehe, na mzee wa tambiko hukaa akisikiliza. Yeye hana ofisi, hana mhuri, wala barua kutoka kwa Msajili wa Jumuiya. Imani yake haikuwahi kuwa shirika.

Hata idadi ya wenzake haihesabiwi. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza Watanzania dini zao.

Lakini inawezekana kutunza. Wilayani Kondoa, michoro ya miambani iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na moja ya sababu ni kwamba wenyeji bado wanafanya matambiko hapo. Kenya, misitu ya kaya ya Wamijikenda iliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2008.

Sheria inasema nini

Katiba ya mwaka 1977 inasema Tanzania ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Haikutaja Ukristo wala Uislamu. Imesema kila mtu. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, ukiwemo wa dini.

Kwa watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 5 kinasema mtoto asibaguliwe kwa misingi mbalimbali, ikiwemo dini na mila. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambua mtoto mwenyewe kuwa na uhuru wa imani huku wazazi wakimwongoza kulingana na ukuaji wake.

Maana yake ni hii: mwalimu wa shule ya umma hapaswi kumlazimisha mtoto kusali sala isiyo ya kwao, wala kumwaibisha kwa imani ya nyumbani. Vilevile mzazi wa jadi hawezi kuitaka shule iwafundishe watoto wa wenzake matambiko.

Wasabato wanalielewa hili

Asiyeona uzito wa jambo hili awaulize majirani zake Wasabato, ambao ni wengi Upare wa Kusini. Wanajua maana ya masomo ya ziada au mtihani kupangwa Jumamosi. Nchini Kenya, suala hilo lilifika mahakamani, na mwezi Machi 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa shule zinapaswa kuwapa wanafunzi Wasabato nafasi ya kushika Sabato.

Mwaka 2019, pia Kenya, msichana aliyeanza kidato cha kwanza jijini Nairobi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake za kirasta. Mzazi wake alikwenda Mahakama Kuu. Septemba mwaka huohuo, Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Urasta ni imani inayolindwa na katiba, na msichana asome bila kunyolewa. Mei 2023, Mahakama Kuu ya Malawi mjini Zomba ilitoa uamuzi kama huo kwa watoto wa Kirasta katika shule za umma.

Hukumu hizo haziifungi mahakama ya Tanzania. Zinaonyesha tu kwamba dini haipimwi kwa wingi wa waumini wala ukubwa wa jengo.

Uhuru una mpaka wake

Hapa ndipo wazazi wengi hupata wasiwasi, na wana haki. Jadi ya Pare, kama jadi nyingi, ilikuwa na mambo yaliyowaumiza watoto. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa nuksi. Huko Mbaga, mwamba wa Malameni bado unasimuliwa kuwa mahali ambapo watoto walitolewa kafara.

Kitaalamu, meno ya juu kutangulia ni tofauti ya kawaida ya ukuaji. Hayana madhara wala ujumbe. Ndivyo ilivyo pia kwa kinachoitwa “meno ya plastiki”. Anayekwangua fizi za mtoto mchanga kuyatoa anaharibu vijino vinavyokua na kufungua njia ya maambukizi.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mila inayodhuru mwili au akili ya mtoto. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu 1998. Hakuna anayeweza kujificha nyuma ya Ibara ya 19 kufanya hayo, awe wa tambiko, wa kanisani au wa msikitini. Na anayemzuia mtoto mwenye homa kali au degedege asifike zahanati, akisubiri tambiko au maombezi, anahatarisha uhai wake kwa namna ileile.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja kwa dini zote: je, mtoto anaumia? Kama haumii, imani ya nyumbani kwao ni yao.

Kinachomuumiza mtoto kimyakimya

Kuna maumivu mengine yasiyoacha kovu. Mtoto anayeitwa mpagani au mchawi kila siku anaweza kuanza kulalamika tumbo au kichwa asubuhi za shule. Wengine hukosa usingizi, hukojoa kitandani baada ya kuwa wameshaacha, hupoteza hamu ya kula, au hukataa kwenda kwa bibi waliyempenda. Akionyesha dalili hizi, mpeleke zahanati apimwe, lakini pia muulize taratibu nani amemwambia nini.

Mambo ya kufanya

Kwa mzazi wa nyumba ya jadi: jaza ukweli. Andika “imani ya jadi” na usiombe radhi. Mweleze mtoto kwa maneno mafupi anachoweza kujibu akiulizwa, kwa mfano, “Sisi tunawakumbuka wazee wetu.” Akivaa hirizi, usimfunge mtoto mdogo shingoni, maana kamba inaweza kumkaba. Mweleze mwalimu mapema ili asiivue mbele ya darasa.

Kwa mzazi Mkristo au Mwislamu: sikiliza mwanao anawaitaje wenzake. Neno hilo mara nyingi amelitoa mezani kwenu. Kumheshimu jirani hakumpunguzii mtu imani yake.

Kwa mwalimu: usijaze “hana” kabla hujauliza. Kipindi cha dini kikifika, mpe mtoto huyo kitabu cha kusoma au kazi ya darasani, isiwe adhabu ya kufagia uwanja.

Tatizo likizidi, anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu na kamati ya shule, halafu afisa elimu kata. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inashughulikia ukatili dhidi ya mtoto, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Januari ijayo foleni itakuwa palepale, na fomu itauliza neno lilelile. Mama atakayeulizwa anaweza kujibu kwa sauti ya kawaida, mwalimu akaandika, na foleni ikasogea. Mtoto aliyeshika mkono wake ataingia darasani bila kitu cha kuficha.