Nambari bila kizio ni mtego kwa kompyuta

Mnamo Septemba 23, 1999, chombo cha anga za juu cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipokuwa kikijaribu kuanza kuizunguka sayari ya Mars. Chombo hicho, kilichokuwa kimesafiri kwa zaidi ya miezi tisa, kilitarajiwa kupita kilomita 226 hivi juu ya uso wa sayari hiyo, lakini baadaye ilikadiriwa kwamba kilishuka hadi kilomita 57.

Uchunguzi ulibaini kuwa programu moja iliyotumika duniani ilitoa data kuhusu msukumo wa injini ndogo za chombo hicho kwa kizio cha paundi, ilhali programu iliyoipokea ilitarajia niutoni. Paundi moja ya nguvu ni sawa na niutoni 4.45. Nambari zilisomeka vyema, ila zilieleweka visivyo.

Funzo la mkasa huo linawahusu moja kwa moja wanaobuni faili za XML, lugha iliyoidhinishwa na shirika la W3C mwaka wa 1998, na ambayo hutumiwa kubadilishana data baina ya kompyuta za taasisi mbalimbali. Faili ya XML huweza kuongozwa na skima, yaani kanuni zinazoeleza ni data gani inayoruhusiwa, ya aina ipi na kwa mpangilio upi.

Chukua mfano wa shehena ya mahindi iliyoandikwa hivi:

<uzani>90</uzani>

Mkenya aliyezoea gunia la kilo 90 huenda akaelewa mara moja. Hata hivyo, kompyuta ya mnunuzi aliye ng'ambo haina mazoea hayo, na haiwezi kujua iwapo ni kilo, paundi au tani.

Wapo wanaoandika "90kg" pamoja kama neno moja. Njia hii humfaa msomaji, lakini kompyuta huyachukulia kuwa maandishi tu, hivyo haiwezi kujumlisha wala kulinganisha kabla ya kutenganisha nambari na herufi. Wengine hutia kizio katika jina lenyewe, kwa mfano "uzaniKwaKilo". Hilo halina ubaya iwapo kizio hakitabadilika kamwe, lakini kila kizio kipya kitahitaji jina jipya.

Njia iliyo imara zaidi pale vizio vinapotofautiana ni kuiacha nambari peke yake na kuambatisha kizio kama sifa yake:

<uzani kizio="kg">90</uzani>

Hapo skima inaweza kushurutisha mambo matatu: kwamba thamani iwe nambari, kwamba kizio kisikosekane, na kwamba kitoke katika orodha iliyokubaliwa. Utaratibu wa namna hii unatumika katika GML, lugha ya data za kijiografia, na katika UBL, inayotumiwa kwa ankara na hati nyingine za biashara.

Orodha hiyo ni muhimu kwa sababu watu huandika "kilo", "Kg", "kgs" na "kilogramu" wakimaanisha kitu kimoja. Ndiyo maana kuna misimbo ya pamoja kama vile UCUM, inayotumika sana katika data za matibabu. Katika msimbo huo, "mg" ni miligramu na "Mg" ni megagramu, ambayo ni tani moja. Herufi moja kubwa huzidisha kipimo mara bilioni moja, jambo lisiloweza kufanyiwa mzaha panapohusika dawa ya mgonjwa.

Mbunifu anapaswa pia kujihadhari na kizio cha msingi ambacho kompyuta hujaza yenyewe pale mwandishi anapokisahau. Kinaonekana kuwa msaada, lakini huficha kosa ambalo lingegunduliwa mapema iwapo faili ingekataliwa.

Hata hivyo, skima haiwezi kutambua uongo. Mtu akiandika "kg" ilhali mizani yake ilipima kwa paundi, faili itakubaliwa bila pingamizi. Kwa hivyo, ni lazima wanaobadilishana data waijaribu kwa mzigo ambao uzani wake unajulikana kabla ya kuanza kuitegemea. Kazi ya skima ni kuhakikisha kuwa hakuna kipimo kinachopita kikiwa kimya kuhusu kizio chake.