Klachi Ipi? Kweli na Uongo wa Pedeli ya Kushoto

Fundi wa pikipiki aliniambia klachi isiyopata oili inaungua. Wiki ileile fundi wa gari akachomoa klachi pleti yangu, akaipitishia kidole na kunionyesha: imelowa. Oili ilikuwa imevuja kwenye sili ya nyuma ya injini, ndiyo maana gari lilikuwa linanguruma mlimani bila kupanda. Wote wawili walisema kweli. Kosa lilikuwa langu mimi niliyedhani klachi ni kitu kimoja, na nadhani uongo mwingi unaozunguka vijiweni kuhusu klachi umezaliwa hapohapo.

“Ukikanyaga pedeli, klachi inashika.”

Uongo. Ukikanyaga, inaachia. Kushika ndiyo hali yake ya kawaida, hata gari likiwa limepaki usiku kucha bila mtu ndani. Klachi pleti imekaa katikati ya flaiwili, inayozunguka na injini, na presha pleti. Kitovu chake kina meno yanayoingia kwenye shafti ya giaboksi. Springi ya presha pleti, ambayo kwa magari mengi ya leo ni sahani ya chuma iliyochanwa vidole kuelekea katikati, huibana pleti kwenye flaiwili muda wote. Pedeli husukuma rilizi beringi, beringi inasukuma vidole, na mbano unalegea. Ndiyo maana ukipaki ukaacha gari kwenye gia, injini iliyozimwa inasaidia kulizuia lisiteremke.

“Oili ni adui wa klachi.”

Kwa gari la gia za mkono, kweli, maana klachi yake karibu kila mara ni kavu. Kwa bodaboda na bajaji, uongo kabisa.

Klachi za pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ileile ya injini. Kiwango cha msuguano cha pleti kavu huwa kati ya 0.3 na 0.4 hivi. Kwenye oili hushuka hadi kama 0.1. Kwa nini basi mtengenezaji akubali kupoteza theluthi mbili au zaidi ya mshiko? Kwa sababu oili inabeba joto. Bodaboda huondoka na kusimama siku nzima, tena na abiria wawili na gunia la mkaa, na kila anapoondoka pleti husuguana kidogo kabla ya kushikana. Pleti kavu ndogo kiasi hicho ingeungua mapema.

Mshiko uliopotea hurudishwa kwa idadi. Gari lina pleti moja yenye nyuso mbili za kusugua. Pikipiki inapangiwa pleti kadhaa za msuguano zikipishana na sahani za chuma tupu. Pleti tano zinatoa nyuso kumi, zote zikibanwa na springi zilezile. Ukifungua kikapu cha klachi ya pikipiki utafikiri ni rundo la chapati.

Hatari ya bodaboda, kwa hiyo, ni kuwekewa oili isiyo yake. Oili nyingi za magari ya kisasa zina kemikali za kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Injini ya gari inazifurahia, lakini pleti za pikipiki zinaweza kuteleza. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki zenye klachi ya ndani ya oili. Ukikuta MB, hiyo imekusudiwa skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini.

“Pleti pana hushika zaidi kwa sababu eneo lake ni kubwa.”

Matokeo ni kweli, sababu ni uongo. Mshiko unategemea mambo manne: nguvu ya springi, aina ya lainingi (tabaka la kusugua la pleti), idadi ya nyuso, na umbali wa lainingi kutoka katikati. Pleti pana hushika kwa kuwa lainingi yake iko mbali na shafti, kama spana ndefu inavyofungua nati kwa urahisi. Eneo linasaidia jambo jingine: joto na uchakavu hutandazwa mahali papana, hivyo pleti inadumu.

“Gari la otomatiki halina klachi.”

Uongo, ingawa nauelewa. Otomatiki ya kawaida hupokea nguvu ya injini kupitia oili inayorushwa kutoka panga moja hadi jingine ndani ya tokikonveta, kwa hiyo ukisimama kwenye foleni hakuna pleti inayoliwa. Ila ndani ya giaboksi yenyewe mna mafungu ya pleti zinazoogelea kwenye oili, ndugu wa zile za bodaboda, zinazobanwa kwa presha ya oili kila gia inapobadilika.

Kuna pia otomatiki za klachi mbili, moja ikishughulikia gia za namba witiri na nyingine za namba shufwa. Volkswagen walitoa ya aina hiyo sokoni mwaka 2003, kwenye Golf R32, klachi zikiwa ndani ya oili. Baadaye wakaongeza ya gia saba yenye klachi kavu. Mwenye hiyo ya pili akilishikilia gari mlimani kwa mafuta badala ya breki, anachoma klachi asiyoiona.

“Pikipiki isiyo na mkono wa klachi haina klachi.”

Uongo. Honda Super Cub ya mwaka 1958 ilitumia klachi inayojiendesha: injini ikizunguka kasi, uzito ulio ndani hurushwa nje na kubana pleti. Ukipunguza mafuta, inaachia yenyewe. Dereva alibaki na kazi ya kubadilisha gia kwa mguu tu.

“Klachi ya koni ilikufa na magari ya babu.”

Ile kubwa, iliyovikwa ngozi, ndiyo. Ndogo zimo kwenye giaboksi yako ya mkono hivi leo: zile ringi za sinkronaiza zinazosawazisha mwendo kabla gia haijaingia ni klachi za koni.

“Kulishikilia gari mlimani kwa klachi hakuna neno.”

Kuna neno, na linahesabika. Gari la kilo 1,300 kwenye mwinuko wa asilimia 10, gia ya kwanza, linahitaji kama nyutoni-mita 27 kwenye klachi ili lisirudi nyuma. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika huku gari limesimama, hizo ni zaidi ya kilowati 4 zinazogeuka joto tupu kwenye pleti nyembamba. Weka pasi nne za umeme ndani ya sufuria, ufunike. Handibreki ipo kwa ajili hiyo.

Kuegesha mguu juu ya pedeli ni dhambi ya jamaa hiyo, ingawa ni ndogo: rilizi beringi inazunguka bila sababu, na mbano ukilegea hata kidogo, pleti inateleza.

“Ikinuka, imekwisha.”

Si lazima. Lainingi iliyopata joto mara moja, labda ulipokuwa unajikwamua kwenye matope, inanuka kisha inapoa na kuendelea na kazi. Dalili ya kuaminika ni nyingine: ukiwa gia ya nne, ukikanyaga mafuta, mlio wa injini unapanda ila mwendo hauongezeki. Mafundi wengine hujaribu gari likiwa limesimama: handibreki juu, gia ya tatu, unaachia klachi taratibu. Injini ikizima papo hapo, klachi bado inashika. Ikiendelea kuunguruma, pleti inateleza. Usilirudie sana jaribio hilo, maana kila mara linakula pleti uliyotaka kuipima.