“Sitisheni Mapigano”: Kwa Faida ya Nani?

Tarehe 1 Novemba 1978 Radio Uganda ilitangaza kwamba nchi hiyo ina mpaka mpya. Ardhi yote ya Tanzania iliyo kati ya latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa Ikweta na Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na Rais wake, Idi Amin, akajigamba kwamba majeshi yake yalikuwa yameimaliza kazi hiyo kwa dakika 25. Mpaka halali ulikuwa mstari ulionyooka, uliopigwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Amin alidai kwamba mto ndio mpaka wa kweli. Haikuchukua siku nyingi daraja la Kyaka, kwenye mto huo, likalipuliwa. Ng’ombe waliswagwa kuvushwa mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa, na wananchi wa upande wa kaskazini wa mto walioweza kukimbia wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe.

Vita vyenyewe vimesimuliwa sana, na nyimbo zake bado zinajulikana. Mapambano ya mezani yamesahaulika, nayo ndiyo yanayotufaa zaidi leo, maana kila jeshi linapovuka mpaka popote duniani tunasikia maneno yale yale yaliyosikika mwaka ule: pande zote zijizuie, mapigano yasitishwe, tofauti zimalizwe kwa mazungumzo. Maneno hayo yanasikika kama hayana upande. Mara nyingi yanao.

Mimi nikisoma tamko la kidiplomasia baada ya uvamizi hutafuta mambo mawili tu: nani ametajwa kwa jina, na anatakiwa afanye nini. Mengine yote, “wasiwasi mkubwa” na “masikitiko”, ni adabu za mezani. Kati ya kudai mapigano yasitishwe na kudai majeshi yaondoke kuna umbali mkubwa sana. Ukisema risasi zinyamaze, kisha usiseme askari warudi kwao, umemruhusu aliyeingia abaki alipo. Anayesimama juu ya ardhi ya mwenzake haombi kitu kingine zaidi ya hicho.

Iraq ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 660 siku hiyo hiyo. Liliulaani uvamizi, likaitaja Iraq, na likaitaka iondoe majeshi yake yote mara moja, bila masharti, yarudi mahali yalipokuwa tarehe 1 Agosti. Hapo hapakuachwa nafasi ya kubabaisha. Linganisha na karibu na kwetu. Mwezi Februari 2025, siku chache baada ya mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam. Tamko lao la tarehe 8 lilidai mapigano yasitishwe mara moja, na likazungumzia kuondoka kwa majeshi ya kigeni ambayo hayakualikwa Kongo. Ni majeshi ya nani? Halikusema. Tarehe 21 mwezi huo huo Baraza la Usalama, kwa kauli moja, lilipitisha azimio namba 2773 lililolitaja Jeshi la Ulinzi la Rwanda kwa jina, likilitaka liache kuisaidia M23 na litoke Kongo bila masharti. Siwalaumu moja kwa moja walioandika lile la Dar es Salaam. Jirani anayetaka kuwaweka wagomvi wawili kwenye meza moja, wote wakiwa wanachama wa jumuiya yake, huchagua maneno kwa tahadhari kuliko balozi aliyeko New York. Lakini msomaji ana haki ya kujua kwamba tahadhari hiyo ina gharama, na anayeilipa ni yule aliyeingiliwa.

Tanzania iliilipa gharama hiyo mwaka 1978.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, wakati huo uliongozwa na Rais Jaafar Nimeiri wa Sudan, na katibu mkuu wake alikuwa Edem Kodjo wa Togo. Umoja huo ulikuwa na kanuni iliyo wazi kabisa: azimio la Cairo la Julai 1964 lililosema nchi za Afrika zitaiheshimu mipaka zilivyoikuta siku ya uhuru. Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa miongoni mwa waliolipigania azimio hilo. Amin alikuwa amelivunja hadharani, tena kwa tangazo la redio. Kwa hiyo Dar es Salaam ilitegemea jambo moja dogo: OAU iseme kwamba huu ni uvamizi, na mvamizi ni Uganda.

OAU haikusema. Ilituma wasuluhishi. Nchi chache, zikiwamo Zambia, Msumbiji, Angola na Ethiopia, zilisimama na Tanzania waziwazi, na Msumbiji ikaleta hata kikosi cha askari. Nyingi nyingine zilizisihi “pande zote mbili” zitulie. Mwalimu aliwapokea wajumbe, akawasikiliza, akawajibu kwa hoja iliyobaki midomoni mwa watu: mtu akivunja nyumba yako na kuingia, unasuluhishwaje na yeye kabla hajatoka? Masharti yake yalikuwa manne. Amin alaaniwe, aache kudai ardhi ya Tanzania, alipe fidia, na itolewe ahadi kwamba hatarudia. Bila hayo hakuna mazungumzo.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: ukimya wa OAU ulikuwa na sababu. Viongozi wengi waliokaa kwenye viti vya umoja huo waliingia madarakani kwa bunduki kama Amin, na kumlaani mwenzao kulikuwa kama kufungua mlango ambao wasingeweza kuufunga. Amin mwenyewe aliwahi kuwa mwenyekiti wa OAU, mwaka 1975 hadi 1976, na Tanzania ilisusia mkutano wa Kampala uliompa cheo hicho, ikiuliza kwa nini Afrika inapiga kelele Waafrika wanapouawa na Makaburu lakini inanyamaza wanapouawa na Waafrika wenzao. Maneno ya namna hiyo hayasahauliki upesi. Nigeria nayo ilikuwa na kumbukumbu yake: Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra iliyokuwa imejitenga nayo. Serikali ya Lagos iliyopigana vita kuiunganisha nchi haikuwa na haraka ya kumsikiliza Nyerere akieleza utakatifu wa mipaka. Na Kenya? Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilikuwa imevunjika mwaka uliotangulia, mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa, na Rais Moi alikuwa na miezi michache tu madarakani baada ya kifo cha Mzee Kenyatta. Nairobi ilijitolea kusuluhisha. Dar es Salaam haikuchangamka.

Amin, kwa upande wake, alipendekeza mgogoro umalizwe kwa ngumi: yeye na Nyerere ulingoni, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Magazeti ya nje yalicheka. Watu wa Kyaka hawakuwa na la kuchekea.

Katikati ya Novemba Amin alitangaza kwamba anaondoa majeshi yake. Tanzania ilikanusha, ikaendelea kujiandaa, na hadi mwisho wa mwaka Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilikuwa limeirudisha karibu ardhi yote. Hapo ndipo diplomasia ilipogeuka, na ndipo hoja yangu inapoonekana vizuri zaidi. Wito wa kusitisha mapigano uliotolewa Novemba 1978 ungemwacha Amin ndani ya Kagera. Mwishoni mwa Februari 1979, Masaka na Mbarara zikiwa zimeanguka, mawaziri wa OAU walikutana Nairobi na wito ukawa ule ule. Safari hii ungemwacha Amin Kampala, ajipange upya. Sentensi haikubadilika hata kidogo. Faida yake ilimwendea mtu yule yule mara mbili.

Mwalimu alikuwa na tatizo lake pia, na haifai kulificha. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaipa nchi iliyoshambuliwa haki ya kujilinda. Haiipi haki ya kwenda kubadilisha serikali ya jirani. Mkataba wa OAU ulikuwa mkali zaidi juu ya kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. JWTZ ilipoingia ndani ya Uganda, kujilinda kulianza kuwa hoja nyembamba. Jibu la Dar es Salaam lilikuwa kwamba kuna vita viwili: Tanzania inapigana kumtia adabu mvamizi, na Waganda wanapigana kumwondoa dikteta wao. Ili jibu hilo lisimame, walihitajika Waganda wenye sura ya serikali. Ndiyo maana mkutano wa Moshi wa Machi 1979, uliounda Uganda National Liberation Front chini ya Yusuf Lule, ulikuwa na uzito wa kisheria kuliko wa kijeshi.

Aliyeiokoa hoja ya Mwalimu, bila kukusudia, ni Muammar Gaddafi wa Libya. Libya ilikuwa imeshapeleka askari wake kumsaidia Amin. Mwishoni mwa Machi ikaipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda, la sivyo itaingia vitani. Mwalimu aliwatangazia wananchi tishio hilo redioni, akasema halibadilishi msimamo. Ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane na kuua wanyama. Tangu hapo Tanzania iliweza kusema kwamba aliyegeuza ugomvi wa majirani wawili kuwa vita vya kimataifa si yenyewe. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili.

Na Baraza la Usalama? Halikupitisha azimio hata moja juu ya vita hivi, si kuhusu Kagera, si kuhusu Kampala. Nchi za Afrika zilipenda mambo ya Afrika yabaki kwa Waafrika, na hakuna dola kubwa iliyoona faida ya kumpigania Amin. Marekani ilikuwa imepiga marufuku biashara na Uganda tangu Oktoba 1978, kabla ya uvamizi. Tazama bahati hiyo ilivyokuwa kubwa. Wiki zile zile Vietnam iliingia Kambodia na kuiondoa serikali ya Pol Pot, serikali iliyoua watu wake wengi kuliko Amin. Januari 1979 wajumbe 13 kati ya 15 wa Baraza la Usalama waliunga mkono azimio la kutaka majeshi ya kigeni yaondoke. Kura ya turufu ya Umoja wa Kisovieti ndiyo iliyolizuia. Utawala wa Pol Pot, uliokuwa umekimbilia msituni, ukaachiwa kiti chake Umoja wa Mataifa kwa miaka kadhaa. Serikali ya Lule ilitambuliwa bila purukushani. Vitendo vilifanana, mapokezi yakawa mbingu na ardhi. China na Marekani zilikuwa na ugomvi na Vietnam. Na Tanzania hazikuwa nao.

Hilo liwe onyo kwa anayedhani matamko hupimwa kwa uzito wa kosa. Hata sisi hatukupona ugonjwa huo. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono, zikiwamo Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 35 zilizojizuia kupiga kura, pamoja na Uganda na Burundi. Sera ya kutofungamana na upande wowote ilitolewa kama sababu, nayo ni sera ya heshima. Ila ni haki kukumbuka kwamba mwaka 1978 kutofungamana kwa wengine ndiko kulikotuuma.

Julai 1979 wakuu wa OAU walikutana Monrovia. Nimeiri na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania kwa kuvuka mpaka. Serikali ya Tanzania iligawa kitabu kidogo kilichoeleza upande wake, na aliyesimama kumtetea Mwalimu alikuwa Rais mpya wa Uganda baada ya Lule, Godfrey Binaisa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililomaliza mjadala: mlalamikaji alipaswa kuwa Uganda, na Uganda haikuwa na malalamiko. Mkutano huo huo uliagiza iandaliwe rasimu ya mkataba wa haki za binadamu wa Afrika, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981. Ibara inayouruhusu Umoja wa Afrika kuingilia kati nchi mwanachama kunapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu ilikuja baadaye sana, katika Sheria ya Kuundwa kwa Umoja huo ya mwaka 2000, ibara ya 4.

OAU yenyewe haikuwahi kuulaani uvamizi wa Kagera. Vita viliigharimu Tanzania kiasi kinachokadiriwa kufika dola milioni 500 za Marekani, na ombi la Mwalimu kwamba Afrika isaidie kuubeba mzigo huo halikupata jibu la maana. Deni la vita ambalo Uganda ilikubali kulilipa, dola milioni 67, lilimalizwa mwaka 2007.