Ugonjwa wa Parkinson (3): Baiskeli Isiyokwenda Popote

Wiki iliyopita tuliona jinsi seli zinazotengeneza dopamini zinavyokufa ubongoni, mwili ukaanza kutetemeka, kukakamaa na kupungua kasi. Leo tugeukie mazoezi.

Mwaka 2010 Bastiaan Bloem, daktari wa mishipa ya fahamu huko Uholanzi, alichapisha kisa cha mgonjwa wa miaka 58. Akitembea, hatua chache tu miguu inaganda, na asiposhikwa anaanguka. Akapandishwa baiskeli: akaenda vizuri, wala hakuyumba. Aliposhuka, miguu ikaganda tena! Inadhaniwa kwamba pedeli zenyewe humpa mgonjwa mapigo ya kufuata, kazi ambayo ubongo wake umeshindwa kuifanya anapotembea.

Nchini Marekani, mtafiti Jay Alberts aliendesha baiskeli ya watu wawili na mgonjwa wa kike kuvuka jimbo la Iowa mwaka 2003. Safarini mwandiko wa yule mama ukatengemaa. Alberts na wenzake wakalipima jambo hilo maabara, na mwaka 2009 wakatoa matokeo: waliosaidiwa kukanyaga kwa kasi iliyozidi ile waliyoizoea walipata nafuu ya asilimia 35 katika vipimo vya viungo. Waliojiendea kwa mwendo wao waliongeza pumzi tu, si nafuu ya viungo. Wagonjwa wenyewe walikuwa 10, kwa hiyo tusishangilie mapema.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja 2019, tena kutoka Uholanzi. Wagonjwa 130 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mwepesi waligawanywa makundi mawili. Wa kwanza walipelekewa baiskeli za mazoezi nyumbani, wakaendesha dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa miezi sita. Wa pili walinyoosha viungo tu. Walipopimwa kabla ya kumeza dawa, wa pili walikuwa wamedorora waziwazi. Wa kwanza, kidogo sana. Hawakupona, na dawa hawakuacha.

Kwa hiyo kukanyaga huku unasoma gazeti hakutoshi. Moyo uende mbio, jasho litoke, maneno yakatike ukizungumza. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Panga zoezi wakati dawa imeshika, na chagua baiskeli yenye egemeo la mgongo na mikanda ya kufungia miguu. Ukimaliza, usiruke chini: shinikizo la damu la wagonjwa wengi hushuka ghafla wanaposimama. Punguza kasi taratibu, kaa kidogo, kisha shuka ukiwa umeshika kitu.

Wiki ijayo: kwa nini levodopa, dawa ya Parkinson, haielewani na sahani ya maharage.