Fahamu: Kwa Nini Gari la Umeme Hulipiwa Leo Likawasili Baada ya Miaka

Mteja atoaye arubuni ya gari la umeme hudhani amekwisha kununua gari, ilhali alichonunua kwa hakika ni nafasi katika safu. Na safu iliyo mashuhuri ni ile ya Model 3 ya Tesla, iliyofunguliwa tarehe 31 Machi 2016, ambapo watu, kabla hawajaliona gari lenyewe, walijipanga nje ya maduka ili watoe dola 1,000 za Marekani.

Magari 30 ya kwanza yalikabidhiwa watumishi wa kampuni Julai 2017, kisha mambo yakatatizika. Azma ya kuunda magari 5,000 kwa juma ilikuwa itimie mwisho wa mwaka ule, wala haikutimia ila mwishoni mwa Juni 2018, kwa sababu uunganishaji wa betri huko Nevada ulikwama, na kwa sababu mashine zilitwikwa kazi ambazo mkono wa binadamu ungalizifanya kwa wepesi zaidi, jambo ambalo mkuu wa Tesla, Elon Musk, mwenyewe alilikiri. Hata hema likasimamishwa Fremont, California, kuwa karakana ya ziada: ajabu kwa kampuni iliyojinasibu kwa roboti!

Waliokuwa Ulaya walingoja meli hadi mapema 2019, na Mwingereza, kwa kuwa usukani wake hukaa kulia, akangoja zaidi. Wala zamu haikufuata tarehe ya arubuni peke yake: aliyetaka betri kubwa, yenye thamani ya juu, alitangulizwa, na aliyevutwa na bei ya dola 35,000 iliyotangazwa tangu mwanzo hakuruhusiwa kuliagiza gari la bei hiyo ila mwishoni mwa Februari 2019.