Damu Itokayo Tumboni Yaweza Kuzuiwa Bila Kisu



Mtu akitapika damu huku kwetu Mpui, utasikia kwanza kwamba amelishwa sumu au amerogwa, na siku mbili zinapotea hapo. Mara nyingi chanzo ni vidonda vya tumbo. Lakini kipo chanzo kingine kisichotajwa sana Ufipa, nacho ni kichocho cha utumbo.

Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na, baada ya miaka, huacha makovu. Damu ikikosa njia hurudi nyuma: bandama huvimba, na mishipa ya njia ya chakula hutanuka kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kupita kiasi. Siku ikipasuka, mgonjwa hutapika damu nyingi au hupata choo cheusi kama lami, pengine bila maumivu yoyote.

Ugonjwa huu umeenea hasa kando ya Ziwa Victoria, na upo Ziwa Tanganyika pia. Kwa hiyo aliyewahi kuishi au kuvua huko amwambie daktari, hata ikiwa imepita miaka 20.

Tiba yake haihitaji kupasuliwa. Daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, huunyonya mshipa uliovimba na kuufunga kwa kipira kidogo. Mshipa hunyauka. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi mishipa iishe. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, ila makovu ya zamani hubaki. Pale kamera isipofika, mrija mwembamba huweza kupitishwa ndani ya mshipa wa damu, ukiongozwa na eksirei, na kuziba panapovuja. Mafunzo ya tiba za namna hiyo yalianza Muhimbili mwaka 2018.

Wafadhili huuliza, kwa nini tusinunue kamera? Kwa maoni yangu, bado. Bila mtaalamu, fundi na vipira vya kila mara, itakaa kabatini.

Kinachopungua zaidi ni damu na nauli. Anayevuja damu lazima aongezewe Sumbawanga kabla ya safari ndefu ya hospitali ya rufaa. Kila kamati ya usharika iandike majina ya watu kumi walio tayari kuchangia damu, na itenge fedha ya gari ambayo haitaguswa kwa shughuli nyingine, hata ujenzi.